Mama Kabati na Pasipoti Kumi na Moja

Shuleni walimwita Mama Kabati, na hakuona ubaya. Lilikuwa kabati la chuma, la kijivu, limesimama nyuma ya kiti chake katika chumba cha kwanza ukiingia, kati ya mashine ya fotokopi na dirisha linalotazama ngazi. Ufunguo aliuvaa shingoni, ndani ya blauzi, na kwa miaka mingi uliyokaa pale alikuwa ameusahau kama mtu anavyosahau sikio lake. Kwenye rafu ya juu zililala pasipoti za walimu wa kigeni, kumi na moja mwaka huo, kila moja ndani ya kifuko cha kitambaa alichokishona mwenyewe.

Shule ilifundisha Kiingereza: watu wazima asubuhi kabla hawajaenda kazini, watoto mchana, watu wazima tena jioni, wamechoka, wakipiga miayo kwa adabu nyuma ya daftari. Walimu walitoka mbali, vijana wengi wao, wakiburuta masanduku mazito na kuvaa viatu visivyoijua mvua ya hapa. Mtu wa kwanza kuwapokea alikuwa yeye. Aliwakalisha, akawapa maji, akangoja pumzi zao zitulie, kisha akanyoosha mkono.

"Nipe pasipoti, mwanangu. Nikutunzie."

Nao walimpa. Mama mnene kidogo, mwenye miwani ya kamba, anayenukia sabuni ya kufulia, nani angemkatalia?

Kazi yake hasa ilikuwa kufuatilia vibali vya kazi, na aliifanya kwa miaka kumi na nane. Alijua picha zipi hukataliwa dirishani: yenye kivuli nyuma, yenye tabasamu, yenye nywele zilizofunika masikio. Alijua kwamba cheti cha chuo kisicho na muhuri wa ubalozi ni karatasi ya kufungia karanga tu. Alijua kwamba kibali hufungwa kwa shule moja na anwani moja, na mwalimu akihama chumba bila kutoa taarifa, hata kama amehamia mlango wa pili, ana kosa. Mara mbili kwa mwaka maafisa wa uhamiaji walikuja kukagua, bila taarifa. Yeye alifungua kabati, akapanga vifuko mezani, akawaita walimu kwa zamu wasimame mbele ya picha zao. Maafisa walikuwa wakisema hawajaona shule iliyojipanga hivi. Siku hiyo alitembea nyumbani kichwa juu.

Kabati lenyewe lilinunuliwa mwaka wake wa pili, wiki ileile mwalimu mmoja alipoondoka katikati ya muhula bila kuaga. Mwenye shule alisema ni kwa ajili ya wezi. Mjini wezi wapo kweli, basi Mama Kabati akaamini, maana kuamini kulimpunguzia maneno. Tangu hapo mwalimu aliyetaka kusafiri alihitaji barua ya ruhusa yenye sahihi ya mwenye shule, barua ipelekwe uhamiaji pamoja na pasipoti, uhamiaji wagonge muhuri wa kutoka na kurudi. Bila muhuri huo, ukivuka mpaka, kibali chako cha kazi kimekufa. Na mwenye shule alisaini barua hizo wakati wa likizo ndefu tu. Kwa miezi mingine kulikuwa na jibu moja, alilolibuni Mama Kabati mwenyewe ili asimwumize mtu:

"Pasipoti yako iko uhamiaji."

Lilikuwa jibu zuri. Halina mtu wa kulaumiwa ndani yake. Aliwashauri walimu walitumie hata kwa wazazi wao waliowangoja: waambieni iko uhamiaji, wataelewa. Na wazazi, huko waliko, walielewa.

Nyumbani kwake alikaa peke yake, vyumba viwili, juu ya duka la fundi cherehani. Chumba cha pili kilikuwa cha binti yake. Kitanda kilikuwa na godoro jipya, bado limefungwa nailoni ya dukani, kwa sababu Mama Kabati alilinunua siku binti aliposema anakuja, na binti hakuja. Akasema tena anakuja, hakuja. Mara ya tatu mama alishafuta vumbi juu ya nailoni na kutandika shuka juu yake kabisa, kisha akaliondoa shuka, akalikunja. Baadhi ya jioni aliingia na kuketi pembeni ya kitanda, na nailoni ikalia chini yake, kr-kr, kama kitu kinachosafisha koo kabla ya kusema.

Fundi cherehani, mzee mwenye mdomo mrefu aliyempa vipande vya vitambaa kwa ajili ya vifuko, alilijua godoro hilo kwa historia yake yote.

"Limeamkaje leo?" alikuwa akimwuliza asubuhi.

"Nani?"

"Godoro. Litastaafu hilo kabla halijaanza kazi."

"Shona nguo za watu, baba. Achana na godoro langu."

Binti naye alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Alijifunzia palepale shuleni, tena bila kuandikishwa. Alipokuwa mdogo alikuja kumngoja mama yake kila alasiri, akiketi kwenye benchi la ukumbini, miguu haigusi chini, akisikiliza madarasa manne kupitia milango minne. Siku moja akamsahihisha mwalimu. Mwalimu akacheka mpaka akaja kumwambia mama. Miaka mitano iliyopita alipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika nchi ya mbali, ambako asubuhi ya huku ni jioni yao. Mama yake ndiye aliyemjazia fomu zote. Ndiye aliyempeleka kupigwa picha. Alimwambia aende bila wasiwasi, kwa sababu huko pia patakuwa na mtu kama yeye, mama wa watu, wa kumwangalia.

Binti alipiga simu kila Jumapili saa nne asubuhi. Mama Kabati alikuwa anaketi mapema, amevaa vizuri, simu mezani mbele yake, kana kwamba ni mgeni aliyekwishafika ila hajaanza kuongea.

Alhamisi moja, darasa la asubuhi lilipomalizika, Mwalimu Pole aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Jina hilo alipewa na wanafunzi. Wiki yake ya kwanza nchini alijua neno hilo moja, akalitumia kwa kila jambo: mtu akipiga chafya, pole, fotokopi ikitafuna karatasi, pole kwa mashine, mwanafunzi akipata maswali yote, pole sana. Huu ulikuwa mwaka wake wa pili, lugha alishaikamata vizuri, lakini jina nalo lilishamkamata.

"Mama, nataka kwenda nyumbani wiki mbili. Mwenzangu amekubali kushika darasa langu."

"Kuna mgonjwa?"

"Hapana."

"Msiba?"

"Hapana. Nyumba ya mama inauzwa. Mwisho wa mwezi wenyewe wapya wanaingia."

Mama Kabati alishusha miwani ikaning'inia kifuani. "Mama yako si uliniambia..."

"Ndiyo, alifariki. Ndugu zangu ndio wameamua kuuza." Mwalimu alijitazama mikono, ilikuwa na chaki mpaka kwenye kucha. "Nataka kuingia mara moja tu. Kuna mlango wa jikoni, huwezi kuufungua kwa mkono. Lazima uusukume kwa nyonga. Mama alikuwa anausukuma hivyo, sufuria mikononi, anaimba. Nataka kuusukuma mara moja, basi. Sijui kama unanielewa."

Mama Kabati alimwelewa nusu. Nyumba ni nyumba, alifikiri. Mbona hata mimi nimehama nyumba tatu. Nyuma ya mgongo wake, hatua moja, kilikuwepo kifuko cha kijani chenye kitufe cha pembe, na ndani yake pasipoti ya huyu mtoto. Ulimi wake ulishaizoea njia, ukaenda wenyewe.

"Pasipoti yako iko uhamiaji, mwanangu."

Mwalimu Pole aliitikia kwa kichwa taratibu, akashukuru, akatoka. Alishukuru! Mama Kabati alisikia viatu vyake vikishuka ngazi, vikasimama katikati kwa muda, kisha vikaendelea.

Jumapili simu ilipolia, mama aliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Wewe je, goti?"

"Goti lipo, halijaenda popote. Haya, niambie. Shule zenu zinafunga mwezi ujao. Unakuja?"

"Pasipoti iko uhamiaji, mama."

Alikuwa amekwisha kulisikia jibu hilo mara tatu, na mara zote tatu alilimeza kama wazazi wengine wote wanavyolimeza. Lakini safari hii kiti chake mwenyewe kilikuwa bado na joto la Alhamisi. Alilisikia kwa masikio ya mtu aliyelitunga.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu... mwezi wa pili."

"Walikupa risiti?"

"Risiti?"

"Ofisi ikishika pasipoti yako inakupa risiti. Kila nchi. Yako ina rangi gani?"

"Mama, mbona unanifanyia usaili?"

"Miaka kumi na nane nafanya kazi hii. Kibali kinachochelewa sana kinachelewa wiki sita. Wewe unaniambia miezi saba. Mwanangu, mimi si mama wa barabarani. Iko wapi?"

Alimsikia binti akivuta pumzi, na ndani ya pumzi ile akamwona mdogo, kwenye benchi, miguu haigusi chini.

"Iko shuleni," binti alisema. "Ndani ya kabati. Kuna mama mmoja anatutunzia zote. Tukiomba, wanasema ni lazima mkuu aandike barua, na mkuu haandiki. Sikutaka kukuambia kwa sababu ungeumia." Kisha, kama anayemtetea mtu, akaongeza haraka: "Lakini ni mama mzuri, wallahi. Anazifunga moja moja kwenye karatasi laini. Nikiugua ananiletea supu. Ananikumbusha wewe."

Akili ya Mama Kabati ilikuwa imekwenda kusimama mbele ya kabati la watu wengine, katika chumba ambacho hajawahi kukiona, na alilijua kila kona.

"Mama? Upo?"

"Nipo," alisema. "Nipo, mwanangu. Goti tu."

Jumatatu aliingia kwa mwenye shule kabla hajaketi vizuri. Alikuwa bwana mwenye sauti ya taratibu na kalamu nyingi mfukoni, ambaye hakuwahi kumgombeza mtu, na labda ndiyo maana hakuna aliyewahi kubishana naye.

"Naomba barua ya Mwalimu Pole," Mama Kabati alisema. "Wiki mbili."

"Kafiwa?"

"Nyumba yao inauzwa. Anataka kuiaga."

Mwenye shule alicheka kwa upole. "Nyumba! Mama, wewe ni mtu mzima. Katikati ya muhula mtu aache darasa akaage matofali? Huyo akiondoka harudi. Akirudi, niite mbwa."

"Na barua?"

"Likizo. Likizo nitasaini zote, si unanijua?"

Alimjua. Alirudi mezani, akaketi, akasaini daftari la mahudhurio, akatazama ngazi kupitia dirisha. Kisha akautoa ufunguo ndani ya blauzi, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi akahisi kwamba ni chuma.

Jumanne asubuhi alimngoja Mwalimu Pole mlangoni pa ofisi ya uhamiaji. Alimkabidhi kifuko cha kijani mkononi, hadharani, watu wakipita.

"Haikuwa hapa," alisema. "Alhamisi nilikudanganya. Ilikuwa nyuma yangu."

Mwalimu alikishika kifuko kwa mikono yote miwili. Mama Kabati alingoja neno lake lile, na mwalimu hakulisema. Alimtazama tu, muda mrefu kiasi cha kumfanya mama ainamishe macho, kisha akasema, "Twende ndani basi."

Dirisha la nne lilikuwa la afisa waliyemwita Bwana Muhuri, kwa sababu hakugonga muhuri kwenye pasipoti ya mtu kabla ya kuujaribu mara mbili kwenye gazeti lake. Nywele zake zilianza kuwa nyeupe pamoja na za Mama Kabati. Walizeeka wakitazamana kupitia kioo kilekile.

"Mama Kabati! Leo umekuja na mtu mzima mzima? Nimezoea kuona picha zao tu."

"Bwana mkubwa, nina shida. Huyu anataka muhuri wa kutoka na kurudi. Fomu hii hapa, picha mbili hizi hapa. Ila sina barua."

"Barua gani?"

"Ya mwajiri. Ya ruhusa."

Bwana Muhuri alikunja uso. "Ile barua yenu?"

"Yetu vipi? Si nyinyi ndio mnaitaka?"

"Sisi?" Aligeuka akamwita mwenzake wa dirisha la tano. "Eti sisi tunataka barua ya mwajiri kwa mtu anayekwenda kusalimia kwao?" Mwenzake alitikisa kichwa bila kuinua macho. "Mama, hatujawahi kuitaka hata siku moja. Wewe uliileta mara ya kwanza, tukaiweka kwenye faili. Ukaleta tena, tukaiweka. Tukasema, ile shule ina utaratibu wake, watu makini. Mwenye pasipoti aje na pasipoti yake, basi. Imeandikwa pale."

Alionyesha kwa kalamu. Tangazo lilikuwa ukutani, juu ya benchi la kungojea, benchi ambalo Mama Kabati aliliketia miaka kumi na nane, mgongo wake na tangazo vikitazamana. Alilisogelea, akavaa miwani. Lilikuwa limefifia kwa jua. Mistari minne. Mwombaji afike mwenyewe. Fomu. Picha mbili. Na wa mwisho, mfupi kuliko yote: pasipoti hukaa na mwenyewe.

Alijaribu kukumbuka ni nani aliyemwambia habari ya barua. Akakumbuka. Ni mwenye shule, amesimama mlangoni na kikombe cha chai, akisema, "Nadhani watataka barua." Nadhani. Juu ya neno hilo alijenga ofisi nzima.

Akawaona, mmoja baada ya mwingine, pale benchini. Yule kijana aliyetazama harusi ya dada yake kwenye simu ukumbini, amevaa tai. Yule dada mwenye madoadoa aliyekuwa akihesabu miezi kwa kuchora duara kwenye kalenda ya fotokopi. Yule aliyengoja likizo akamwone babu yake, na likizo ikafika, na babu hakuingoja. Wote aliwapa maji. Wote aliwaita mwanangu.

Gazeti liligongwa mara mbili. Kisha pasipoti, mara moja.

"Safari njema, mwalimu," Bwana Muhuri alisema. "Na rudi, maana sitaki kumwona huyu mama bila kazi."

Mchana huohuo Mama Kabati alilifungua kabati mpaka mwisho, akawaita walimu waliobaki. Waliingia kwa woga, wakidhani ni ukaguzi, wakajipanga ukutani kama walivyozoeshwa. Aliwapa mkononi, kifuko kwa kifuko, akimwambia kila mmoja asome tangazo lililo juu ya benchi. Mmoja alikifungua kifuko, akaitazama picha yake, akaifunga pasipoti kama aliyechungulia chumba cha mtu. Mwingine, kijana mwenye ndevu, aliuliza kama anaweza kubaki na kifuko.

"Ni chako. Nilikushonea wewe, sikukishonea kabati."

Mwenye shule alipopata habari alikuja mwenyewe, kwa sauti yake ileile.

"Nani alikutuma, mama?"

"Hakuna."

"Wakiondoka wote?"

"Basi tutajua walikuwa wanakaa kwa sababu gani."

Mwenye shule angeweza kumfukuza, lakini hakuna mwingine aliyejua jinsi vibali vinavyokwenda, na mwezi ule vitatu vilikuwa vinakaribia kuisha. Basi alinyoosha mkono akadai ufunguo. Mama Kabati akauvua shingoni akampa. Mwenye shule akautia mfukoni pamoja na kalamu zake, akaenda nao, ufunguo wa kabati tupu.

Jumapili iliyofuata alimweleza binti yake yote, hata aibu yake.

"Kwa hiyo na wewe, mama."

"Na mimi."

"Mimi nilikuwa najiambia huku niliko angekuwepo mama yangu, mambo yasingekuwa hivi."

Neno hilo lilimwingia, akalipokea, kwa kuwa lilikuwa lake. "Sikiliza," alisema. "Nenda uhamiaji ya huko. Soma ukuta wote, hata ule watu wanaouegemea. Kisha usiende kwa mkuu. Nenda kwa huyo mama wa supu. Mwulize ni nani alimwambia habari ya barua."

"Kwa lugha yao? Mama, mimi huku nikiomba chumvi naletewa ndoo."

"Omba hivyohivyo. Mwambie mama yako alikuwa na kabati."

Jumapili baada ya hapo simu haikulia. Alikaa nayo mpaka saa sita, amevaa vizuri, kisha akaenda kukaa kwenye godoro. Kr-kr. Huenda nimemponza, aliwaza. Huenda wamemfukuza, na kibali kimefungwa kwa shule moja, na shule ikikutoa una siku chache tu za kuondoka, na yeye hana pasipoti ya kuondokea. Aliyajua yote hayo kifungu kwa kifungu. Kuna watu wanaoogopa kwa kuwa hawajui. Yeye aliogopa kwa kujua.

Jumatano maafisa wa uhamiaji walikuja kukagua, bila taarifa kama kawaida. Mwenye shule alitoka mbio ofisini kwake, ufunguo mkononi, akakumbuka, akaurudisha mfukoni. Mama Kabati alipita darasa kwa darasa. Walimu walitoka, kila mmoja akachomoa pasipoti yake: kwenye mkoba, kwenye mfuko wa koti, mmoja kwenye soksi. Zilikuwa kumi.

"Ya kumi na moja?" aliuliza afisa kijana mwenye orodha.

Mwenye shule alimtazama Mama Kabati kwa jicho la mtu aliyesema mapema. Mama akafungua faili, akatoa nakala ya muhuri wa kutoka na kurudi.

"Yuko kwao. Anarudi Jumatatu."

"Ana uhakika wa kurudi?"

"Sijui," alisema. "Amekwenda kufungua mlango."

Afisa aliandika kitu, akachora mstari, akaondoka. Jumapili simu haikulia tena.

Jumatatu, dakika kumi kabla ya darasa la asubuhi, viatu vilipanda ngazi. Mama Kabati alivijua. Mwalimu Pole aliingia, pua imebabuka kwa baridi ya kwao, akaweka juu ya meza kitu kizito kilichofungwa katika soksi ya sufu. Kilikuwa kitasa cha mlango, cha shaba, kimechakaa upande mmoja.

"Fundi wa wenyewe wapya alikuwa anabadilisha milango," alisema. "Nilimwomba nisukume kwanza. Nikasukuma mara kumi, mama. Akadhani nina kichaa. Ndipo akanipa hiki."

"Kitasa ambacho hakikuwahi kufungua kitu?"

"Hichohicho." Kisha akacheka, na kucheka kukageuka, na Mama Kabati akainuka akamshika, pua iliyobabuka na vyote. Fotokopi ilikwama peke yake pembeni. Hakuna aliyeipa pole.

Jioni fundi cherehani, alipopewa habari, alisimamisha mashine kabisa. "Kwa hiyo mwenye shule keshaanza kubweka?"

"Amemwambia karibu tena, mwalimu."

"Hiyo nayo ni sauti," alisema fundi, akaendelea kushona.

Jumapili iliyofuata saa nne ilifika ikapita. Saa nne na robo. Saa nne na nusu mama alisimama akafunga dirisha, akalifungua. Saa tano kasoro simu ikalia.

"Shikamoo mama, samahani. Nimesogea mbali na kelele ili unisikie."

"Marahaba. Niambie."

"Nimekwenda kwa yule mama. Nilishindwa kusema, nikamchorea. Nikachora kabati, nikakuchora wewe, umevaa ufunguo. Aliangalia ile karatasi hata nikadhani amekasirika. Akasema atafikiri. Ndiyo maana Jumapili zile mbili sikupiga, sikuwa na la kukuambia. Jana akaniita jikoni kwake. Ana mtoto wa kiume, mama, anafanya kazi ng'ambo. Hajamwona miaka minane."

"Akasemaje?"

"Hakusema. Alinipa."

Mama Kabati alishika meza. "Unayo?"

"Ninayo mkononi."

"Ifungue. Nisomee."

Na binti, upande wa pili wa dunia, akafungua pasipoti akasoma: jina lake lote, tarehe aliyozaliwa, mahali, kimo, rangi ya macho. Alisoma polepole, kama watoto wanavyosoma mbele ya darasa, na mama alifuata kila mstari kwa midomo, maana fomu ile aliijaza yeye.

"Na picha?" aliuliza.

"Picha ni ileile. Sijatabasamu. Ulinivuta nywele mpaka macho yakapanda."

"Masikio lazima yaonekane."

"Yanaonekana, mama. Yanaonekana mpaka aibu. Muhuri wa kurudi wanasema siku nane. Shule inafunga tarehe ishirini. Sisemi nakuja. Nimekwisha kukuambia mara nyingi sana nakuja."

"Usiseme."

"Sisemi."

Walikaa hivyo, kila mmoja akisikiliza pumzi ya mwenzake, mpaka simu ikakatika yenyewe, kama ilivyozoea.

Mama Kabati alichukua mkasi kwenye droo ya jikoni. Akaingia chumba cha pili, akapiga goti lile baya kando ya kitanda, akatafuta mahali nailoni ilipounganishwa. Ilikuwa ngumu, imeshikana kwa miaka. Akaitoboa, akaanza kukata kutoka miguuni kwenda kichwani, taratibu, na harufu ya godoro jipya ikatoka ikajaa chumba, kana kwamba ilikuwa imengoja humo wakati wote.